Bwawa la Ndakaini: Mwongozo Kamili wa Kuingia, Kutembea na Kurudi Kabla ya Giza

Malalamiko yanayonifikia kuhusu Ndakaini yanafanana mno. Watu wametoka Nairobi na familia nzima, wamebeba chapati na juisi, wakafika langoni saa saba mchana. Askari akauliza kibali, hawana. Wakapiga picha za lango, ukungu ukateremka, mvua ikafuata, na matatu ya kurudi Thika ikawa ya kutafutwa.

Shida kubwa huanzia kwenye matarajio. Ndakaini si ufuo wa starehe wenye boti za kukodi na muziki. Ni tangi la maji ya Nairobi. Wenyeji wako ni kampuni ya maji kwa upande mmoja na wakulima wa chai kwa upande mwingine, na kila mmoja ana masharti yake. Ukilipanga hilo mapema, utapata siku nzuri ya milimani ambayo ni vigumu kuipata karibu hivi na jiji.

## Mahali penyewe kwa ufupi

Bwawa liko Gatanga, kaunti ya Murang'a, kwenye miteremko ya safu ya Aberdare, kama kilomita 80 kutoka Nairobi. Kwenye ramani nyingine utaliona limeandikwa Bwawa la Thika. Ni hilo hilo. Mito mitatu hulijaza: Thika, Githika na Kayuyu. Likijaa linashika maji mita za ujazo milioni 70, na uso wa maji unafika mita 2,041 juu ya usawa wa bahari.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka hapa. Ndiyo maana ulinzi ni mkali, na ndiyo maana sheria za hapa hazibembelezwi.

## Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Kibali cha kuingia, au angalau jibu la maandishi kutoka kwa wasimamizi
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti kwa kila mtu mzima
- Viatu vyenye meno; msimu wa mvua chukua gambuti bila aibu
- Koti la mvua, sweta na kofia ya sufu
- Maji ya kunywa, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu
- Noti ndogo ndogo, pamoja na salio kwenye M-Pesa
- Soksi za pili na mfuko usiopenya maji wa kutia vitu vilivyolowa
- Mfuko wa kurudishia taka zako
- Simu iliyojaa chaji, na ramani uliyoipakua ukiwa bado na mtandao

Acha nyumbani nguo za kuogelea, ndoano, pombe na spika ya muziki. Droni nayo ibaki, isipokuwa una kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya pamoja na ruhusa ya wasimamizi wa bwawa. Vibali viwili, si kimoja. Hii ni miundombinu nyeti, na kifaa kinachovuma juu ya ukuta wa bwawa kinaweza kukufikisha kituo cha polisi.

## Hatua ya 1: Pata kibali kwanza

Bwawa linasimamiwa na Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi. Andika barua fupi au barua pepe kwa ofisi zao kabla ya siku ya safari. Kama mko kundi, shule, kanisa au klabu ya matembezi, jipeni muda mrefu zaidi, kwa sababu barua ya kundi hupita mikono mingi.

Barua itaje mambo matano: mko wangapi, siku gani, saa ngapi mnafika, mnakuja kufanya nini, na nani anaongoza pamoja na nambari yake ya simu. Usiandike "kutembea" tu. Andika "kutembea kwa miguu kwenye tuta na njia ya ukingoni, kutazama ndege na kupiga picha za kawaida". Anayesoma anataka kujua kama utawasumbua askari wake. Ukieleza wazi, kazi yake inakuwa nyepesi.

Uliza pia kama kuna malipo na yanalipwaje, ili usije ukalipa mtu asiyehusika.

Onyo: mtu akikuambia "njoo tu, utaongea na askari", usimsikilize. Mara nyingine inawezekana, mara nyingine hapana, na huwezi kuwabebesha watoto safari ya saa tatu kwa kubahatisha.

Umefaulu ukiwa na jibu lenye tarehe na jina la ofisi iliyolitoa. Lichapishe. Mtandao karibu na lango hauaminiki, na kumsogezea askari simu yenye picha inayozunguka bila kufunguka ni kuanza vibaya.

Kibali kikikosekana, usiahirishe safari. Zipo barabara za umma zinazopita kwenye migongo ya vilima, na kutoka huko unaliona bwawa lote bila kukanyaga eneo la kampuni. Wengi wanaopiga picha nzuri za Ndakaini wamezipigia huko. Ruka hatua ya 4 na ya 5, uendelee na zilizobaki.

## Hatua ya 2: Chagua mwezi, kisha chagua saa

Januari na Februari ndiyo miezi rahisi: kukavu, jua la asubuhi, vilima vinaonekana hadi msituni. Machi hadi Mei ni masika, udongo mwekundu unageuka sabuni. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu. Unaweza kusimama juu ya tuta usione maji yaliyo chini yako. Oktoba hadi Desemba ni mvua za vuli, ambazo mara nyingi huanza mchana.

Kuhusu saa, mawingu ya Aberdare huwa yanajikusanya kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo kazi zote za nje zimalize kabla ya saa saba mchana. Ukifika saa tatu asubuhi una saa nne za uhakika. Ukifika saa sita, umebakiwa na saa moja ya bahati nasibu.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii: kina cha maji hubadilika sana. Mvua zikikosekana, kama ilivyokuwa wakati Nairobi ilipoanza mgao wa maji Januari 2017, bwawa hushuka na ukingo mpana wa udongo mtupu hujitokeza pande zote. Bado panavutia, lakini si picha ile uliyoiona kwenye simu ya rafiki yako. Ukitaka maji yaliyojaa, nenda wiki chache baada ya masika kumalizika, ukubali baridi.

## Hatua ya 3: Fika kwa njia isiyokupotezea asubuhi

Kwa matatu: panda ya 237 kutoka Nairobi hadi Thika, kisha ulizia stejini magari ya upande wa Gatura na Ndakaini. Toka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi. Sababu ni moja: matatu za Thika kwenda juu hazina ratiba, zinangoja zijae. Asubuhi zinajaa upesi kwa wanaorudi kutoka sokoni na mizigo yao. Ukichelewa utakaa ndani ya gari ukihesabu viti vitupu.

Ukipanda, mwambie kondakta mapema: "Nishushe Ndakaini, karibu na lango la dam." Sema "dam" hivyo hivyo, ukisema "ziwa" utaulizwa ziwa gani.

Kwa gari la kibinafsi: toka kwenye barabara kuu ya Thika, ingia Thika mjini, shika barabara ya Gatura. Jaza mafuta Thika. Njia inapanda, ina kona nyingi, na lori za kubeba majani ya chai hukata kona zikiwa zimejaa. Tumia gia ndogo unaposhuka badala ya kukalia breki. Vijia vya udongo vinavyoingia mashambani usivijaribu na gari dogo baada ya mvua, hata ramani ya simu ikikuhakikishia kwamba ni njia ya mkato.

Boda boda ni nzuri kwa kumalizia safari, ila patana bei kabla ya kupanda na uulize helmeti. Kukiwa na utelezi, tembea. Ni afadhali kufika na matope kuliko kufika na jeraha.

## Hatua ya 4: Langoni

Mtu mmoja tu aongee, wengine wasubiri. Salamu kwanza, kibali baadaye. Kwa askari mwenye umri wa baba yako, "Habari ya kazi, mzee" inatosha. Wageni kutoka Pwani au Tanzania, msishangae mkitoa shikamoo mkaitikiwa kwa tabasamu na "salama". Huku haijazoeleka, lakini heshima yake inaeleweka. Ukijua Kikuyu kidogo, "Wi mwega?" hufungua nyuso. Mwanamke mzee ni cucu, mwanamume mzee ni guka.

Andika majina kwenye kitabu cha wageni kwa ukweli, hasa idadi. Jioni askari anahesabu waliotoka, na kundi la watu tisa lililoandikwa saba litamfanya alale na wasiwasi, au asikuruhusu tena.

Uliza maswali matatu kabla ya kuondoka pale: sehemu zipi haziruhusiwi leo, wapi picha hazitakiwi, na lango linafungwa saa ngapi. Masharti hubadilika kulingana na kazi inayoendelea. Ukipewa mtu wa kuwaongoza, mfuate yeye, si mwongozo huu.

## Hatua ya 5: Tuta na ukingo wa maji

Anza na tuta. Ukuta huu si wa zege, ni mlima wa udongo ulioshindiliwa, kimo chake kinafika kama mita 65. Simama katikati uangalie pande zote mbili: huku maji yametulia yakiwa sawa na kifua cha vilima, kule bonde linaporomoka hadi mahali mto Thika unapoendelea na safari ukiwa mwembamba. Tofauti hiyo ya kina ndiyo inayowafanya wageni wanyamaze kidogo.

Maji ya Nairobi yenyewe hayapiti kule bondeni. Yanachukuliwa kwa mahandaki hadi mitambo ya kusafishia ya Ng'ethu, kisha yanateremka jijini kwa nguvu ya mteremko. Mtoto akiuliza kwa nini hapewi ruhusa ya kutupa jiwe au kukojoa karibu na maji, una jibu zuri: wiki ijayo utaoga haya.

Maonyo mawili ambayo sitaki uyasome haraka.

La kwanza, usiogelee wala usitumbukize miguu. Mbali na kwamba hairuhusiwi, kingo zinateremka ghafla, maji ya mwinuko huu ni baridi hata kukiwa na jua, na misuli hukaza kabla hujajua umechoka. Hakuna mwokoaji anayekaa akikutazama.

La pili, jihadhari na matope yaliyokauka juu. Maji yakishuka, ukingo huacha tabaka la tope lenye ganda lenye nyufa, linaloonekana gumu kama sakafu. Chini yake bado ni laini. Mtoto mwepesi anapita, baba yake anayemfuata anazama hadi magotini. Baki kwenye nyasi au kwenye njia iliyokanyagwa. Ukizama, usivute mguu mmoja kwa nguvu. Kaa chini, tandaza uzito, utoe miguu polepole ukirudi ulikotoka.

## Hatua ya 6: Matembezi marefu

Wageni wengi husikia "kuzunguka bwawa" wakadhani ni saa moja. Mbio za nusu marathoni za Ndakaini, zilizoanza mwaka 2004 na kuandaliwa na chama cha wenyeji cha kuhifadhi mazingira ya bwawa, NDEKA, zimekimbiwa kwenye barabara za vilima hivi hivi, nazo ni kilomita 21. Wanariadha wenyewe huzitaja miongoni mwa ngumu nchini. Bwawa lina vidole vingi vinavyoingia mabondeni, na njia lazima ivifuate vyote: unashuka hadi kijito, unapanda mgongo, unashuka tena.

Kwa mtu wa kawaida asiye na mazoezi, nashauri hivi:

1. Tembea saa moja na nusu kwenda, kisha geuka popote ulipo. Weka kengele kwenye simu. Kurudi huwa kirefu kuliko kwenda kwa sababu miguu imechoka na mawingu yameanza.

2. Nusu saa ya kwanza nenda taratibu kuliko unavyotaka. Ukitoka Nairobi umepanda mita mia tatu hivi, si nyingi. Lakini ukitoka Mombasa jana, mapafu yako yamepandishwa zaidi ya mita elfu mbili. Pumzi ikikatika kwenye mlima wa kwanza, si ugonjwa, ni hewa. Kichwa kikiuma na kukawa na kichefuchefu, keti, kunywa maji, kisha rudi.

3. Kunywa kabla ya kiu. Baridi hudanganya.

4. Kila mkifika njia panda, subirianeni. Mistari ya chai inafanana, na mtu aliyepotea kwenye mgongo mmoja anaweza kuwaona wenzake kwenye mgongo wa pili akachukua saa nzima kuwafikia.

Kuna kwarara wanaopita wakipiga kelele na ndege wengi wa majini, kwa hiyo darubini ndogo inalipa. Ila usiingie msituni peke yako. Msitu wa juu uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, una tembo, na uzio wa umeme wa Aberdare uliokamilika mwaka 2009 haukuwekwa kwa mapambo. Ukitaka msitu, pitia ofisi yao, upewe mlinzi.

Utajua umetembea vizuri ukirudi kwenye tuta ukiwa na maji kidogo kwenye chupa na hamu ya kula.

## Hatua ya 7: Chai na wenye chai

Nusu ya uzuri wa Ndakaini ni mashamba, na hapa wageni wa jijini huharibu mambo bila kujua.

Usikatize katikati ya mistari ya chai. Juu ya kila kichaka kuna uso bapa kama meza, uliosawazishwa kwa miaka, na machipukizi yaliyovunjwa na begi lako ni kilo za mtu. Kinachochumwa ni majani mawili na kichipukizi, yanarushwa kwenye kikapu cha mgongoni, na vichaka vile vile hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Ukitazama mikono ya mchumaji aliyezoea, huoni akichagua, mikono inajua.

Ukitaka picha, omba. Akikataa, shukuru upite. Akikubali, mwonyeshe picha aliyopigwa, halafu muulize jambo la kazi yake, usimfanye mapambo. Mada nzuri ni bonasi, malipo ya mwisho wa mwaka ambayo wakulima wadogo hupata mara nyingi kuanzia Oktoba. Uliza kama ya mwaka huu ilikuwa nzuri, kisha ukae kitako usikilize.

Ukipata bahati, fika kwenye kituo cha kununulia majani mchana. Wakulima wanamwaga mzigo, wanauchambua jani gumu kwa jani gumu, mzigo unapimwa, karani anarekodi uzito. Kila anayepimiwa anakodolea macho mizani. Simama kando, usizibe njia ya lori, maana majani lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo.

Suala moja la adabu: usitanie kuhusu maji. Zipo familia zilizohamishwa ili bwawa lijengwe, na viongozi wa Murang'a wamedai kwa miaka mingi kaunti ipate mgao wa mapato ya maji haya. Handaki la Northern Collector, linaloleta maji kutoka mito ya Maragua, Gikigie na Irati, lilizidisha ubishi. Mwanamke anayebeba mtungi kando ya bwawa la kunywesha Nairobi hafurahishwi na mgeni anayesema "nyinyi mna bahati, maji kila mahali".

## Hatua ya 8: Kula

Kula kwenye hoteli za sokoni badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini. Githeri, mukimo, nduma na ngwaci (viazi vitamu) zilizochemshwa, chapati, na chai ya maziwa inayomiminwa ingali inachemka. Ukikuta njahi, kula. Ni maharagwe meusi ambayo mama aliyejifungua hupikiwa, na Murang'a wanayajua.

Agiza mapema. Ukipita asubuhi ukasema "tutakuwa sita, saa saba", utakuta sufuria tayari. Ukija bila taarifa utangoja, na kungoja huko ndiko kunakochelewesha watu kwenye matatu.

## Hatua ya 9: Rudi

Saa kumi jioni uwe stejini. Magari ya kushuka Thika hupungua giza likikaribia, na barabara yenye ukungu na kona si ya kupandia boda boda usiku. Waage askari, uhakikishe mmehesabiwa, na mfuko wa taka uende nao hadi Thika.

Wanaotaka kulala, laleni Thika, ambako vyumba ni vingi vya kila bei. Usipige hema ukingoni mwa bwawa bila ruhusa ya maandishi.

## Ukiongeza siku ya pili

Usijaribu kuibana kwenye siku ya kwanza. Shuka Thika, lala, asubuhi panda gari la Murang'a mjini.

Pale mjini nenda kwenye Kanisa Kuu la Kianglikana la Mtakatifu James na Mashahidi Wote. Ndani kuna michoro mikubwa ya ukutani ya Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, aliyoifanya mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni mitano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu ni Mwafrika, na nchi iliyo nyuma yake ni vilima ulivyovitembea jana. Usiende Jumapili asubuhi, ibada inaendelea. Siku za kazi muulize mtunza kanisa akufungulie, na acha sadaka.

Kisha Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo Wakikuyu husimulia kwamba Gikuyu na Mumbi walianzisha ukoo wao. Utakuta nyumba mbili za asili, ya Gikuyu na ya Mumbi, na wazee wanaopatunza. Ni mahali pa sala kwa watu walio hai, kwa hivyo fuata mlango unaoelekezwa, vaa kwa heshima, na usivunje hata kijiti cha mti. Utaambiwa mabinti walikuwa tisa kamili, kisha utatajiwa majina kumi. Usimsahihishe mzee. Kwa desturi yao watoto hawahesabiwi wakamalizika, na kwa sababu hiyo hiyo usimuulize mwenyeji wako ana watoto wangapi au mbuzi wangapi. Muulize yeye ni wa mbari gani, naye ataanza kusimulia.